Mpwa Wangu na Nyumba ya Intaneti

Habari nitakayowaeleza ni ya nyumbani kwangu mwenyewe, wala si ya kujivunia. Nimesita kuiandika muda mrefu, kwa sababu mwalimu hapendi ijulikane kwamba ameshindwa na mtoto wa dada yake. Lakini nimeona wazazi wengi wamo katika taabu ile ile, na kila mmoja hudhani imempata yeye peke yake. Basi afadhali niseme.

Jioni moja ya mwezi wa Juni mwaka 2024, tulikuwa tumekwisha kula, na chakula cha mpwa wangu kilikuwa mezani kimefunikwa, kinapoa. Kijana huyu alikuwa na umri wa miaka 14. Dada yangu alinipa nimlee ili asome karibu nami, maana huko kwao shule i mbali. Saa 2 ikapita, saa 3 ikapita. Mke wangu hakusema neno, ila aliinua kile kifuniko, akatazama, akakirudisha, nami nikaelewa. Nikachukua tochi nikashuka njia ya sokoni.

Pale sokoni, nyuma ya duka la kuchapishia barua, kipo chumba ambacho watu hukiita intaneti kafe. Mwenyewe alikifungua kwa nia njema, ili watu wapate kuandika maombi ya kazi na kutazama matokeo ya mitihani. Lakini maombi ya kazi katika kijiji ni machache, na matokeo ya mitihani hutoka kwa msimu. Vijana nao wapo kila siku. Basi zile kompyuta 6 zilizokuwa za barua zikawa za michezo, ile ambayo vijana huiita gemu, na bei ikawa Sh. 500 kwa nusu saa.

Nilikuta mlango umefungwa. Dirisha lilikuwa na nondo, na ndani ya nondo pazia zito lisilopitisha hata mwanga wa taa. Nikasikia milio ya bunduki zisizo bunduki, na vicheko vya watoto. Nikabisha, kimya. Nikabisha tena nikajitaja, na baada ya kitambo komeo likavutwa. Ndani mlikuwa na vijana kama 15, katika chumba ambacho kwetu kingetosha vitanda viwili tu. Saba kati yao walikuwa wanafunzi wangu. Wale waliosimama waliniona wakainamisha vichwa, lakini walioketi hawakugeuka. Mpwa wangu alikuwa mmoja wa walioketi, mkono juu ya kipanya, macho hayapepesi. Nikamwita mara ya kwanza na ya pili. Hakusikia, wala sidhani kwamba alijifanya. Ndipo nikatenda jambo ambalo hata leo linanichoma: nikampiga kofi mbele ya wenzake wote.

Njia nzima ya kurudi hakulia wala hakusema. Siku tatu baadaye nikapata habari nyingine. Dada yangu alikuwa amempa mwanawe Sh. 40,000 za viatu, madaftari na mchango wa chakula cha shule. Zote zilikuwa zimekwisha pale sokoni, nusu saa baada ya nusu saa. Nikapiga hesabu, maana hiyo ndiyo kazi yangu: saa 40. Dada yangu huuza samaki wa kukaanga kando ya barabara. Sikumwandikia kumweleza, na hilo nalo ni kosa langu.

Wala haikuwa nyumba yangu tu. Mzazi mmoja alikosa fedha za mbolea, mwingine alikosa kuku wawili, na kila aliyefuata nyayo aliishia kwenye mlango ule. Basi mwenyekiti wa kijiji akaniita akasema, "Mwalimu, wewe umesoma. Tutengenezee maneno ya sheria ndogo. Twataka asionekane mtoto pale, mchana wala usiku." Sheria ndogo ya kijiji hujadiliwa mkutanoni, kisha hupelekwa wilayani ipate kukubaliwa. Nikapokea kazi ile kwa furaha, na kusema kweli, kwa hasira. Nilitaka sheria kali kuliko zote.

Lakini mtu asiyejua kujenga hutazama kwanza nyumba za wenzake. Nikaona nitafute jinsi serikali za nchi nyingine zilivyowazuia vijana katika jambo hili, nipate kuiga. Usiku baada ya kusahihisha madaftari nikawa nasoma katika simu yangu, mpaka saa 5, mpaka saa 6. Usiku mmoja mke wangu akauliza kutoka kitandani, "Baba watoto, na wewe nani atakufungia mlango?" Sikupata jibu, nikazima simu, walakini kesho yake niliendelea.

Nilianza na Korea Kusini, kwa kuwa huko ndiko vyumba vya namna hii vilikovuma mapema. Wenyewe huviita PC bang, na neno bang maana yake ni chumba. Vilienea sana baada ya mwaka 1997, nchi ile ilipopatwa na msiba wa fedha, makampuni yakaanguka na watu wengi wakaachishwa kazi. Baadhi yao walichukua akiba zao wakanunua kompyuta, wakafungua vyumba. Mwaka 1998 ukatokea mchezo wa vita uitwao StarCraft, vijana wakaupenda mno, na ilipofika mwaka 2001 vyumba hivyo vilikuwa zaidi ya 20,000. Kijana alipata humo kiti, joto wakati wa baridi, chakula cha haraka, na wenzake. Sipendi kuvitukana. Kijana akaaye katika nyumba nyembamba ya ghorofani, asiye na uwanja wala mto wa kuogelea, mwataka aende wapi?

Hata hivyo misiba ilitokea. Mwezi wa Oktoba mwaka 2002, katika mji wa Gwangju, mtu mmoja wa miaka 24 alikufa baada ya kucheza muda wa saa 86. Mwaka 2005, katika mji wa Daegu, mwingine wa miaka 28 alikufa baada ya kucheza kama saa 50. Hebu fikirini, wasomaji, ni jambo la namna gani limfanyalo mtu asahau chakula na usingizi hata moyo wake usimame. Lakini angalieni tena: hao wote wawili hawakuwa watoto. Walikuwa watu wazima, ambao sheria ya watoto isingewagusa. Na bado watu walipoogopa na kutaka sheria, waliwatazama watoto. Mimi siwalaumu, maana nami nilikuwa nikifanya hivyo hivyo.

Sheria ya vyumba vyenyewe si ngumu kuifahamu: kijana aliye chini ya miaka 18 hana ruhusa kuwamo baina ya saa 4 usiku na saa 3 asubuhi, isipokuwa amefuatana na mzazi au mlezi wake. Hiyo niliipenda, nikaiandika katika daftari langu. Kisha mwaka 2011 wakaongeza nyingine iliyo kubwa zaidi. Tangu mwezi wa Novemba mwaka ule, mtoto wa chini ya miaka 16 alikatazwa kucheza michezo ya mtandaoni kuanzia saa 6 usiku mpaka saa 12 asubuhi, popote alipo, hata chumbani kwake. Kampuni zenye michezo ndizo zilizoamriwa kumfungia. Watu waliiita sheria ya Cinderella, kwa jina la yule msichana wa hadithi za Ulaya ambaye saa 6 ya usiku ikilia hana budi kuiacha karamu akimbie. Nia ya serikali haikuwa mbaya. Walitaka watoto walale.

Lakini mtoto wa Korea ni mtoto kama wa kwetu. Katika nchi ile kila mtu ana namba yake aliyoandikishwa, na kompyuta ilimtambua mchezaji kwa namba hiyo; basi watoto wakaingia kwa namba za baba na mama. Tena sheria ilishika michezo ya kompyuta, ikaiacha ya simu, na simu zikawa zinazidi kila mwaka. Mwaka 2014 Mahakama ya Katiba iliulizwa kama sheria hiyo ni halali, nao majaji 7 wakaikubali, 2 wakaikataa. Ikaendelea. Hata mwaka 2021 likazuka jambo la kuchekesha. Upo mchezo uitwao Minecraft, ambao mchezaji hujenga nyumba na ngome kwa vipande kama matofali, na watoto wadogo huupenda duniani kote. Kwa sababu ya taabu ya kuwatenga watoto kwa saa, mchezo huo ulifanywa huko Korea kuwa wa watu wazima tu, wa miaka 19 na zaidi. Mchezo wa watoto ukawa haramu kwa watoto! Watu wakapiga kelele, na mwezi wa Agosti serikali ikatangaza kwamba sheria itaondolewa. Tangu tarehe 1 Januari 2022 haipo tena. Siku hizi mzazi, au mtoto mwenyewe, aweza kuiomba kampuni iweke saa za kucheza.

Miaka 10 ya kufunga mlango saa 6 usiku, kisha wakaufungua. Nilikaa nikifikiri juu ya hilo, nikasema moyoni, labda wale walilegeza mno. Nikaigeukia China, maana serikali ya huko haina mzaha na jambo iliamualo.

Huko nilikuta ukali wa kutosha. Mwaka 2007 waliagiza kwamba mtoto akicheza kupita saa 3 kwa siku, mchezo umpe nusu tu ya alama anazoshinda, na akipita saa 5 asipate chochote. Kama mkulima aambiwaye kwamba jembe lake baada ya adhuhuri halitaota kitu. Mwaka 2019 wakaamuru dakika 90 kwa siku za kawaida na saa 3 kwa sikukuu, wala asicheze kabisa kati ya saa 4 usiku na saa 2 asubuhi. Tarehe 1 Septemba 2021 wakakaza tena: mtu wa chini ya miaka 18 acheze mtandaoni Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu tu, tena kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 3 basi. Katika wiki ya kawaida ni saa 3. Kampuni kubwa iitwayo Tencent imeweka hata njia ya kumtazama mchezaji usoni kwa kamera ili kujua kama ni mtoto. Na watoto je? Wametafuta majina ya bibi na babu zao, na nyuso zao pia. Naweza kumwona bibi kizee amekaa barazani, mjukuu anamsogezea simu, "Bibi, tazama hapa kidogo," naye atazama, maana ni nani awezaye kumnyima mjukuu wake kutazama?

Mwaka 2023 wataalamu walitoa uchunguzi juu ya ile sheria ya mwaka 2019. Walikuwa wamepewa hesabu za sehemu moja ya michezo hiyo, jumla yake saa zaidi ya bilioni 7 za kucheza, nao hawakuona dalili ya kuaminika kwamba wachezao kupita kiasi walipungua. Sisemi sheria hizo hazikufaa kitu. Huenda wapo watoto wengi waliolala mapema kwa ajili yake, ambao hakuna aliyewahesabu. Nasema tu kwamba matumaini yangu ya kuiga yalipungua.

Lakini si hayo yaliyoizuia kalamu yangu. Iliyoizuia ni habari ya moto.

Katika mji wa Beijing, upande wa Haidian penye vyuo vikuu vingi, palikuwa na nyumba ya intaneti iliyoitwa Lanjisu. Haikuwa na kibali cha serikali. Madirisha yake yalikuwa na vyuma, na usiku mlango ulifungwa na watu wakiwamo ndani. Wavulana wawili, mmoja wa miaka 13 na mwingine wa miaka 14, waligombana na wahudumu wa nyumba ile. Wakaondoka na uchungu wao, wakanunua petroli. Usiku wa kuamkia tarehe 16 Juni 2002 wakarudi wakaitia moto. Waliokuwamo ndani, wengi wao wanafunzi wa vyuo, walikimbilia mlango, wakakimbilia madirisha. Watu 25 walikufa.

Baada ya msiba ule, wakuu wa Beijing walizifunga nyumba za intaneti za mji mzima. Ilipofika tarehe 15 Novemba mwaka ule ule, kanuni mpya zikaanza kutumika katika nchi yote: asiingie aliye chini ya miaka 18, nyumba isiwe karibu na shule ya msingi au ya sekondari kwa mita 200, ifungwe kuanzia saa 6 usiku mpaka saa 2 asubuhi. Hayo ndiyo yaliyosikika duniani. Lakini katika kanuni zile zile limo neno jingine ambalo watu hulitaja kwa nadra: kwamba ni marufuku kuweka vyuma vya kudumu vya kuziba milango na madirisha, na ni marufuku kufunga mlango au njia ya kutokea wakati wa kazi. Nililisoma neno hilo mara tatu. Wale 25 hawakufa kwa kucheza. Walikufa kwa moto uliowashwa na watoto wenye hasira, na kwa mlango usiofunguka.

Usiku ule sikulala vizuri. Niliuona mlango wa sokoni na lile pazia.

Asubuhi, kabla ya kengele ya shule, nikaenda kwa mwenye chumba. Nilimkuta anafagia. Ni mtu mpole kuliko nilivyodhani, ana watoto wake wawili. Nikamwuliza kwa nini hufunga mlango watu wakiwa ndani. Akanitazama kama mtu aliyengoja swali hilo muda mrefu.

"Mwalimu, zamani sikufunga," akasema. "Nilianza kufunga ninyi wazazi mlipoanza kuja. Yule wa kule mtoni alikuja na fimbo akapasua kioo cha kompyuta. Nani amenilipa?"

"Na nondo?"

"Nondo ni za wezi."

Nilipokuwa nikitoka, nikaona kando ya mlango dumu la manjano. Nikauliza ni la nini. Ni petroli, akajibu, ya jenereta, umeme ukikatika. Alilijibu hilo bila wasiwasi wowote, kama mtu akuambiaye hii ni ndoo ya maji.

Jioni nikamwita mpwa wangu tukaketi nje. Tangu siku ile ya kofi alikuwa akinijibu kwa neno moja moja. Sikuanza na fedha wala na masomo. Nilimsimulia habari ya Beijing, kisha nikamwuliza, "Kama ungewaka moto pale, ungetokea wapi?"

Akafikiri sana. "Mlango ni mmoja, mjomba," akasema. "Tena siku nyingine hutufungia kwa kufuli kwa nje, akaenda kula. Ili watu wakipita wadhani hamna mtu."

Mikono yangu ilipoa. Kumbe katika zile saa 40, nyingine alikuwa nyuma ya kufuli, na ufunguo u mfukoni mwa mtu anayekula ugali kwake. Na kisa cha kufuli kile ni sisi. Kila fimbo tuliyokwenda nayo iliongeza chuma katika mlango ule. Nikaona wazi kwamba sheria niliyotaka kuandika, kwamba asionekane mtoto pale mchana wala usiku, ingetimizwa kwa usahihi kabisa: wasingeonekana.

Nikamwomba radhi kwa kumpiga mbele ya wenzake. Alishangaa, akaanza kuchora ardhi kwa kijiti. Nikamwuliza ni nini kimvutacho kule, nikaongeza kwamba nauliza ili nijue, siulizi kwa hasira. Alijibu polepole. Shuleni, akasema, yeye ni wa 58 kati ya wanafunzi 61, na tangu alipohamia kwetu hakuna siku aliyoinua mkono akapata. Kule sokoni ni wa pili katika wote, na wakubwa humwita wakitaka kujua njia. "Tena kule, mjomba, nikifa naanza upya hapo hapo. Hakuna anayeniandika."

Mimi ndiye niandikaye. Daftari la alama liko katika begi langu, kwa wino mwekundu. Sikusema kitu, ila nilimwomba anionyeshe mchezo wenyewe. Jumamosi tukaenda pamoja, nikalipa Sh. 500 zangu, nikaketi. Nilikufa mara 9 katika nusu saa. Mara ya kwanza chumba kizima kilinyamaza kwa heshima, mara ya nne mtoto mmoja hakuweza kujizuia akasema, "Mwalimu amekufa tena!" wakacheka wote, nami nikacheka. Nitasema na hili, maana ni kweli: nusu saa ilipokwisha nilitaka nyingine.

Mkutano wa kijiji ulikaa mwezi wa Agosti. Nilisimama na karatasi yangu nikasoma. Niliandika kwamba wanafunzi wasiingie saa za masomo, wala baada ya saa 12 jioni. Kwamba mlango usifungwe kwa kufuli wala komeo wakati wowote watu wamo ndani. Kwamba dirisha la nyuma liondolewe nondo, liwekewe bawaba lifunguke kwa ndani ya chumba bila ufunguo. Kwamba petroli ikae nje, mbali na mlango. Kwamba pazia liondolewe, na mzazi aruhusiwe kuingia atakapo, ila asije na fimbo.

Watu walinung'unika. Mzee mmoja niliyemfundishia wajukuu akasimama akasema, "Mwalimu, tulikutuma utuletee fimbo, wewe umetuletea seremala." Kicheko kikawa kikubwa. Nikangoja kiishe, kisha nikawasimulia habari ya Lanjisu tangu mwanzo hata mwisho, na habari ya kufuli la kwetu, bila kutaja ni mtoto gani aliyeniambia. Mama mmoja nyuma akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa kufuli? Kwa nje?" Hakuna aliyecheka tena. Wengine walitaka papo hapo chumba kifungwe kabisa, na nakiri kwamba hoja yao haikuwa ya kipumbavu. Nikawajibu kwamba zipo simu, na kipo chumba kingine katika mji wa stendi, mwendo wa saa moja na nusu, ambako watoto watakwenda tusikokujua na kurudi usiku. Tulibishana hata jua likashuka. Mwisho maneno yangu yalikubaliwa, ila wakaongeza faini, na wakapunguza saa 12 jioni ikawa saa 11 na nusu, sijui kwa nini; nadhani kila mkutano hutaka kupunguza kitu.

Karatasi ilikwenda wilayani. Mwenye chumba hakuingoja irudi. Wiki ile ile alimleta fundi akakata nondo za dirisha la nyuma, akaliondoa komeo, na dumu akalijengea kibanda kidogo cha bati uani. Aliniambia kwamba tangu mkutano mkewe hakumpa raha. Ile kanuni ya saa haikwenda vizuri kama ya mlango. Wavulana wawili katika wale saba sasa huonekana wamejikunyata nyuma ya kanisa na simu za kaka zao, na mimi sina kanuni ya kuwatoa huko, isipokuwa kwenda kuketi nao.

Dada yangu nilimweleza yote mwishowe, kwa mdomo, nilipokwenda kwake Desemba. Alinyamaza, kisha akauliza kama kijana ana viatu. Kijana mwenyewe hufyatua matofali kwa jirani siku za Jumamosi asubuhi, na katika zile Sh. 40,000 amekwisha kumrudishia mama yake 26,000. Jioni ya Jumamosi ana ruhusa yangu ya saa moja. Katika mtihani wa mwisho alikuwa wa 49. Nimeanza kumwandikia kwa kalamu ya risasi, naye akisahihisha kosa nafuta alama ya kwanza, jambo ambalo mkaguzi akiliona sijui nitamjibu nini.

Jumamosi moja hivi karibuni saa 11 na nusu ilipita asitokee. Nikashuka njia ya sokoni, bila tochi, maana jua lilikuwapo. Toka barabarani niliuona mgongo wake, kwa kuwa mlango ulikuwa wazi kabisa na pazia halipo. Akahisi kivuli changu, akageuka, akainua mkono na vidole vitano. Nikaketi juu ya benchi nje. Mwenye chumba aliniletea chai, akaanza kunieleza juu ya bei ya jenereta. Zikapita dakika 5, zikapita 10. Katika ya 12 akatoka, akasema, "Tumeshindwa, mjomba," tukaanza kupanda kilima.